Poda ya Kinyozi

Kinyozi alikuwa na mkono mwepesi. Hilo hata wabaya wake walikubali. Ukikaa kwenye kiti chake unasinzia, ukizinduka umeshanyolewa, na mkwaruzo huna. Chumba chake kilikuwa kidogo. Kilikuwa na viti viwili, kioo kirefu chenye ufa pembeni, benchi la wanaosubiri, na redio isiyozimwa. Wengine walikuja kunyoa, wengine walikuja kupiga soga tu. Mzee mmoja aliyeitwa Kipara hakuwa na unywele hata mmoja kichwani, lakini kila Jumamosi alikuwa wa kwanza kufika.

"Sasa wewe nikunyoe nini?" Kinyozi alimuuliza.

"Ninyoe ndevu. Kichwa nipanguse vumbi tu."

Benchi zima likaangua kicheko.

Lakini kilichompa Kinyozi jina kubwa hakikuwa mkono wake. Ilikuwa poda. Watu wengi wakishanyolewa hutoka vipele shingoni na kidevuni. Vinyozi wengine waliwapaka poda ya kawaida, wakawaambia wavumilie. Yeye akaona ana akili zaidi. Alikwenda duka la dawa akanunua kapsuli za antibiotiki, yaani dawa za kuua bakteria. Hakuna daktari aliyemwandikia, na muuzaji hakumuuliza. Alizifungua moja moja, akamimina unga wake ndani ya kopo la poda, akalitikisa. Akimaliza kukunyoa, alichovya brashi laini ndani ya kopo hilo, akaipitisha shingoni mwako. Ilikuwa brashi ile ile kwa shingo ya kila mtu, kuanzia asubuhi hadi jioni, mwaka baada ya mwaka.

Mwanzoni vipele vya baadhi ya watu vilikauka. Labda vingekauka vyenyewe, lakini nani aliuliza? Wateja wakaanza kumwita Daktari. Naye, maskini, jina likamlevya.

Jirani yake mmoja alifanya kazi katika maabara ya hospitali. Kazi yake ilikuwa kupima damu, mkojo na usaha, kwa hiyo mtaani aliitwa Mama Vipimo. Siku moja alimleta mwanawe kunyolewa. Kinyozi alipochukua brashi, yule mama alimzuia.

"Poda usimpake, jirani."

"Kwa nini? Hii si poda ya bure. Ina dawa ndani."

"Ndiyo maana sitaki. Dawa ya kumezwa kwa kipimo wewe unaimwaga shingoni. Hapo unaua bakteria dhaifu tu. Wale wagumu wanabaki, wanazaana. Iko siku utaihitaji dawa hiyo kwa jambo la maana, na haitafanya kazi."

Kinyozi aliwakonyeza waliokaa benchi. "Jamani, mmesikia? Mimi nina kopo moja tu, na hospitali nzima inanionea wivu!"

Watu walicheka mpaka Kipara akapaliwa. Mama Vipimo hakucheka. Alimshika mwanawe mkono, akaondoka. Kwa kweli siku ile Kinyozi alistahili kuaibika, lakini aliyeaibishwa ni yule aliyesema kweli.

Baada ya miezi kadhaa, Kipara alitokwa na jipu kisogoni. Kinyozi alimpaka poda. Jipu likapasuka, na jingine likaota pembeni yake.

"Daktari," alisema Kipara, "hii poda yako siku hizi imechoka."

"Haijachoka. Nitaiongeza nguvu."

Kopo lililokuwa likitiwa kapsuli nne likaanza kutiwa kumi. Wateja wengine wawili walitokwa na majipu. Kinyozi alisema ni joto.

Nyumbani, Kinyozi aliishi na mkewe, watoto wao, na mama yake mzazi. Mama alikuwa fundi cherehani. Cherehani yake ilikuwa ya kukanyaga kwa miguu, na aliiweka karibu na dirisha ili apate mwanga. Kwa cherehani hiyo alimlea Kinyozi peke yake tangu baba mtu alipofariki. Hata sasa alikuwa akishona sare za shule za nusu ya mtaa. Alikuwa na ulimi mkali na kicheko kikubwa. Alikuwa pia na ugonjwa wa kisukari, na miguu yake ilikuwa imeanza kufa ganzi.

Siku moja kiatu kipya kilimchubua kisigino. Kwa sababu ya ganzi, hakusikia maumivu. Aliona damu kwenye soksi alipovua.

"Tulia, Mama," alisema Kinyozi. "Dawa ninayo mwenyewe."

Akaleta kopo na brashi kutoka kazini. Akapiga magoti, akampaka.

Mama akacheka. "Mwone mwanangu! Nimepata daktari bila kulipa ada ya chuo."

Kinyozi alifurahi sana kusikia hivyo. Kila jioni akawa anarudi na kopo lake. Kidonda kilikauka juu, lakini chini yake kikawa laini. Wiki ya pili kisigino kikavimba. Kinyozi akampa Mama kapsuli za kumeza, mbili siku ya kwanza, mbili siku ya pili. Uvimbe ulipopungua kidogo, aliacha kumpa. Zilizobaki alizifungua, akazimimina kwenye kopo.

Wiki ya tatu mkewe alimfuata uani.

"Baba watoto, mguu wa Mama unanuka. Tumpeleke hospitali."

"Unadhani mimi sioni? Mbona unanifanya mjinga nyumbani kwangu?"

"Sijasema wewe mjinga. Nimesema mguu unanuka. Mficha maradhi, kifo humuumbua."

"Nani ameficha? Namtibu!"

Kesho yake asubuhi Mama hakuamka kushona. Alikuwa anatetemeka, mwili unawaka moto, na maneno yake hayaeleweki. Hapo Kinyozi hakubishana tena. Alimbeba mama yake mgongoni mpaka barabarani, wakapata gari, wakafika hospitali.

Daktari wa zamu alikata bandeji ya mguuni. Muuguzi aligeuza uso kidogo, kisha akajikaza.

"Hiki kidonda kina muda gani?" daktari aliuliza.

"Siku... kama ishirini."

"Mmekuwa mnakipaka nini?"

Kinyozi alimweleza. Safari hii hakuyasema kwa kujivuna. Daktari hakumgombeza. Aliandika tu. Kidonda kikasafishwa, na usaha kidogo ukachukuliwa kwa kijiti chenye pamba ili ukapimwe. Mama akaanza kupewa dawa kwa dripu wakati majibu yanasubiriwa.

Siku ya kwanza ikapita, homa ikabaki pale pale. Siku ya pili wekundu ulipanda juu ya kifundo cha mguu. Siku ya tatu Kinyozi aliitwa maabara. Aliyefungua mlango alikuwa Mama Vipimo.

Kinyozi alitamani ardhi ipasuke immeze.

"Pole na mgonjwa," alisema Mama Vipimo. "Ingia. Usiguse kitu. Nataka uone kwa macho yako."

Alimwonyesha kisahani cha plastiki chenye kifuniko. Ndani yake kulikuwa na utando wa manjano, na juu ya utando kulikuwa na vikaratasi vidogo vya mviringo.

"Nilipaka usaha wa Mama kwenye kisahani, bakteria wakaota. Huu utando ndio wao. Kila karatasi ina dawa yake. Dawa ikiwaweza bakteria, wanashindwa kuota karibu nayo, na pale panabaki duara safi. Sasa nihesabie maduara."

Kinyozi alihesabu. Vikaratasi vilikuwa vinane. Duara lilikuwa moja.

"Na huku kwingine?"

"Huku kwingine bakteria wameota mpaka kwenye karatasi yenyewe. Dawa hizo haziwawezi. Tunasema wana usugu. Hiki cha kwanza ni dawa uliyokuwa unatia kwenye poda. Na hiki cha pili ni dawa tuliyomwanzishia Mama kwa dripu siku tatu zilizopita."

Kinyozi aliinamia kisahani. "Kwa hiyo mwili wa Mama umezoea dawa?"

"Hapana. Watu wengi wanadhani hivyo. Mwili hauzoei. Wanaobadilika ni bakteria wenyewe. Bakteria ni viumbe hai, wadogo mno, na wanazaana upesi ajabu. Mmoja anakuwa wawili, wawili wanakuwa wanne, na kabla siku haijaisha ni mamilioni. Katika kuzaana huko, mara moja moja anatokea mmoja aliye tofauti. Dawa haimwezi. Lakini amezungukwa na wenzake, na hana nafasi ya kuenea. Sasa wewe unakuja na dawa kidogo. Wenzake wanakufa. Nani anabaki?"

"Yeye."

"Na nafasi inakuwa ya nani?"

"Yake."

"Anazaa watoto sugu kama yeye. Tena bakteria wanaweza kupeana usugu, hata wa aina tofauti. Kesho unapaka tena. Kesho kutwa tena. Ile brashi yako, umewahi kuifua?"

Kinyozi akasema, "Nilikuwa naikung'uta."

"Unaikung'uta." Mama Vipimo alivuta pumzi. "Kwa hiyo unachukua bakteria wa shingo hii, unawatia kwenye kopo lenye dawa hafifu. Wanaostahimili unawapeleka shingo nyingine. Miaka yote hii unawachagua wagumu, unawagawia watu. Hata ungetaka kuwafuga kusudi, usingepata njia bora zaidi."

Yalikuwa maneno makali, lakini Mama Vipimo aliyasema kwa uchungu. Alikuwa akimpenda sana Mama. Sare za watoto wake wote zilishonwa kwenye ile cherehani.

"Niletee brashi na kopo," alimaliza.

Kinyozi alivileta ndani ya mfuko. Majibu yalipotoka, bakteria waliokuwa kwenye brashi walikuwa wa aina ile ile, nao walizishinda dawa zile zile saba. Mama Vipimo alimwambia ukweli bila kuongeza chumvi. "Siwezi kuapa kwamba waliotoka kwenye brashi ndio hawa wa mguuni. Lakini kwa kila kipimo tulicho nacho hapa, wanafanana."

Ilibaki ile dawa moja yenye duara. Haikuwapo hospitalini hapo. Hutunzwa kwa ajili ya hali ngumu tu, na huagizwa kutoka hospitali kubwa. Kinyozi alikaa siku mbili kwenye ubao wa nje ya wodi akiisubiri. Ilipofika, nyama ya kisigino ilikuwa imeshakuwa nyeusi, na weusi ulikuwa umepita kifundo.

Daktari aliwaita wote watatu, Mama, Kinyozi na mkewe. Homa ilikuwa imepungua kidogo na Mama alikuwa na akili zake timamu.

"Mama, sehemu hii imeshakufa," alisema daktari. "Dawa haiwezi kufufua nyama iliyokufa. Tusipoukata mguu chini ya goti, sumu itaingia mwilini, na tutakupoteza."

"Tungekuja mapema?" aliuliza mke.

"Kisukari kimechangia. Kuchelewa kumechangia. Na dawa ya kwanza kushindwa kumekula siku ambazo hatukuwa nazo. Mngekuja kidonda kikiwa kidogo, kikaoshwa, kikapimwa, huenda tusingefika hapa."

Mama aliuangalia mguu wake. Ni mguu uliokanyaga cherehani miaka thelathini. Kisha akamgeukia mwanawe.

"Mama Vipimo alikuonya?"

"Alinionya, Mama."

"Ukafanya nini?"

"Nilimcheka."

"Wahenga walisema, asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Mbona asiyesikia ni wewe, na guu ni langu?"

Kinyozi alilia mbele ya watu, kwa sauti, bila kujali. Hakuna aliyembembeleza, hata mkewe. Mama alichukua kalamu mwenyewe, akatia sahihi.

Mguu ukakatwa. Dawa ile moja ilifanya kazi yake, Mama akapona, akarudi nyumbani na magongo mawili. Cherehani ya kukanyaga ilibaki dirishani imefunikwa kitambaa. Mama alijaribu mara moja kuikanyaga kwa mguu mmoja. Sindano ilikwenda ikakwama, ikaenda ikakwama. Aliinua kichwa akasema, "Basi," na hakuigusa tena.

Kinyozi alibadilisha kila kitu kazini kwake. Mama Vipimo alikuja kumwelekeza, na safari hii alisikilizwa. Kila mteja alipata wembe mpya na taulo safi. Meno ya mashine ya kunyolea yalisafishwa na kutiwa dawa ya kuua vijidudu kabla ya mtu mwingine kukaa. Kinyozi alinawa mikono kwa sabuni kati ya mteja na mteja. Nywele za shingoni alizipangusa kwa kitambaa kilichofuliwa, si kwa brashi. Mwenye kidonda au jipu hakunyolewa mahali hapo. Aliambiwa aende kituo cha afya akapimwe, apewe dawa inayomfaa, na aitumie kama alivyoelekezwa, si kuiacha anapojisikia nafuu wala kumgawia jirani.

Kipara alikwenda. Usaha wake ulipimwa, majipu yakapasuliwa na kusafishwa, akapewa dawa iliyowaweza bakteria wake. Baada ya wiki tatu kisogo kilikuwa safi.

Lakini usidhani watu walimshukuru Kinyozi. Wapi! Walikaa kitini wakauliza, "Poda iko wapi?" Akiwaambia hana, na akiwaeleza sababu, waliinuka. Benchi likapungua. Waliobaki walikuwa Kipara na wengine wachache.

Wengi walihamia ng'ambo ya barabara. Huko alikuwa kinyozi mwingine, mtu mzima mwenye familia, ambaye zamani alinyoa kwenye kiti cha pili cha Kinyozi. Sasa alikuwa na duka lake, na mlangoni alikuwa ameandika kwa rangi nyekundu: PODA YA DAWA IPO. Kinyozi alimfuata. Alimweleza yote, kuhusu kisahani, vikaratasi na brashi.

Mwenzake akatabasamu. "Fundi, wewe ndiye uliyenifundisha. Leo wateja wamekukimbia, ndiyo unakuja kuniambia poda ni mbaya? Biashara ni ushindani, kaka. Usione wivu."

Neno hilo la wivu Kinyozi aliwahi kulisema mwenyewe. Alirudi nyumbani akamsimulia mkewe. Mama, aliyekuwa amelala chumba cha pili, alisikia yote. Akaita:

"Nileteeni magongo."

"Mama, unakwenda wapi?"

"Kunyoa."

Walivuka barabara polepole. Kinyozi alitaka kuingia naye. Mama akamwambia abaki nje. Ndani, benchi lilikuwa limejaa. Mteja aliyenyolewa alikuwa ndiyo kwanza anashuka kitini, shingo nyeupe kwa poda. Mama akajivuta, akapanda kwenye kiti hicho hicho.

"Shikamoo, Mama," alisema mwenye duka, akishangaa. "Pole kwa yaliyokupata."

"Marahaba. Nimeshapoa. Poda ipo?"

"Ipo, Mama."

"Ni ile ya mwanangu?"

Akasita. "Ile ile. Ila mimi nimeiongeza nguvu kidogo."

Mama alipandisha gauni lake mpaka gotini. Kovu lilikuwa bado jekundu, na alama za nyuzi zilionekana. Redio ya duka iliendelea kuimba, na mtu mmoja akainuka akaizima.

"Hapa palikuwa na kisigino," alisema Mama. "Kilichubuliwa na kiatu. Kidonda kidogo kama kucha. Mwanangu alinipaka kwa mapenzi, siku ishirini, na mimi nikamsifu. Basi chovya brashi yako. Nipake na wewe."

Mwenye duka alikuwa ameshika brashi. Hakujua aiweke wapi. Mteja mwenye shingo nyeupe alivuta shati lake, akaanza kujifuta kwa haraka.

"Nipake! Si ni dawa?"

"Mama, nisamehe," alisema yule kinyozi kwa sauti ndogo. "Sikujua."

"Sasa umejua."

Yule kinyozi alifunika kopo. "Nikaimwage mtaroni?"

"Usimwage. Mtaroni kuna bakteria pia, nao utawafanya sugu. Ifunge kwenye mfuko pamoja na brashi, umpelekee Mama Vipimo. Hospitali wana tanuri la kuchomea vitu hivyo."

Mama alishusha gauni, akatafuta magongo kwa mkono, kisha akatazama chini ya kiti.

"Niitie mwanangu aje anishushe," alisema. "Kiti chako ni kirefu, na mimi mguu wa kukanyagia ni mmoja."